Haggard Kwenye Sinema: Kisa cha Kubuni, Watu wa Kweli

Miongoni mwa watunzi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, ni wachache ambao kazi zao zimegeuzwa kuwa filamu mara nyingi kama zile za Henry Rider Haggard, na ni wachache zaidi ambao filamu hizo zimepigwa picha katika nchi zinazoizunguka Goma. Riwaya yake mashuhuri, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ilitoka London mwezi Septemba 1885, na tangu enzi za filamu bubu, yaani zile zilizoonyeshwa kabla ya sinema kupata sauti, hadi karne hii, karibu kila kizazi kimeirudia kwenye skrini kwa namna yake. Kwa mkazi wa Mabanga, mtaa wa komini ya Karisimbi mjini Goma ambao kutoka hapo mtu hufika mpaka wa Rwanda kwa mwendo mfupi, mojawapo ya filamu hizo ina uzito wa pekee. Ni ile ya 1950, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa picha katika Kongo ya Wabelgiji na Rwanda, na ambamo wafalme wa Kiafrika walichezwa na Wanyarwanda walioingizwa, pamoja na ngoma zao na mavazi yao, katika hekaya iliyotungwa na Mwingereza kuhusu nchi isiyokuwepo.

Haggard alizaliwa Norfolk mwaka 1856, akapelekwa Natal, kusini mwa Afrika, mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19, na miaka miwili baadaye alikuwemo katika msafara wa Theophilus Shepstone ulioitwaa Transvaal kwa niaba ya Waingereza. Aliporudi kwao alisomea sheria, lakini jina alilipata kwa njia nyingine: husimuliwa katika maisha yake kwamba alibishana na ndugu yake juu ya riwaya ya Robert Louis Stevenson iitwayo Kisiwa chenye Hazina, akaweka dau kwamba yeye naye angeweza kuandika kitabu cha aina hiyo, akakimaliza kwa takriban wiki sita. Kitabu hicho kiliuza nakala zipatazo 31,000 katika mwaka wa kwanza, na mwandishi wake akawa tajiri kabla ya kutimiza miaka 35. Uhusiano wake na pwani ya Waswahili ulipitia kwa ndugu yake mwingine, Jack, aliyekuwa makamu wa balozi wa Uingereza huko Lamu katika miaka ya 1880, na ndiyo sababu riwaya iliyofuata, Allan Quatermain ya 1887, inaanzia safari yake Lamu na kupanda na mto Tana kuelekea nchi ya Wamasai. Filamu ya 1986 iliyojengwa juu ya riwaya hiyo ilipigwa picha Zimbabwe, na pwani ya Waswahili haikupata nafasi ndani yake.

Kabla filamu zenye sauti za riwaya zake hazijatoka, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumpokea Haggard. Frederick Johnson alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, kisha ikafuata Hadithi ya Allan Quatermain mwaka 1934, na kati ya miaka hiyo miwili Johnson akawa katibu wa kwanza wa kamati iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ili kusanifisha Kiswahili, yaani kukiwekea tahajia na sarufi ya namna moja kwa matumizi ya shule na ofisi, kwa kufuata lahaja ya Unguja. Kwa hiyo vizazi vya wanafunzi wa nchi hizo vilijifunza kusoma riwaya ndefu ya Kiswahili kwa kumfuata Mzungu mwindaji wa tembo jangwani. Kongo haikuwa chini ya kamati hiyo, na Kiswahili cha Kivu kilikua kwa njia zake kupitia wafanyabiashara, askari, mashamba na misheni, jambo linaloeleza kwa nini mzee wa Tanga anaweza kukumbuka jina la Umbopa, mmoja wa wahusika wa riwaya hiyo, kutoka darasani ilhali mwenzake wa Goma, ikiwa analijua, huenda amelipata kwenye filamu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Allan Quatermain, mwindaji, anaajiriwa na bwana mkubwa aitwaye Sir Henry Curtis kumtafuta ndugu yake aliyepotea akienda kutafuta almasi za Mfalme Sulemani, na Kapteni Good wa jeshi la majini anafuatana nao. Mpagazi wao, Umbopa, mrefu na mwenye majivuno yasiyomfaa mpagazi, anabainika mwishoni kuwa ndiye mrithi halali wa ufalme wa Wakukuana, akiwa na alama ya nyoka iliyochorwa mwilini kama ushahidi, na wageni wanamsaidia kumwondoa Twala, mfalme dhalimu anayeongozwa na mchawi kizee Gagool. Wazungu hao wanaokolewa na tukio la angani: katika chapa ya kwanza Haggard aliandika kupatwa kwa jua, halafu, alipotambua kwamba mahesabu ya anga hayakumruhusu kukupanga hivyo, akabadilisha kuwa kupatwa kwa mwezi. Filamu ya 1937 ilirudia jua bila haya, kwa kuwa giza la ghafla mchana linapendeza zaidi kwenye skrini kuliko mwezi unaofifia usiku.

Kuihamisha riwaya kwenye filamu si kuinakili. Kitabu kinachosomwa kwa siku kadhaa hubanwa kuwa saa moja na nusu au mbili, mawazo ya msimulizi hugeuzwa kuwa matendo yanayoonekana, na wahusika hupunguzwa, huunganishwa au hubuniwa upya, kwa hiyo kinachoachwa na kinachoongezwa hueleza tabia ya watengenezaji kuliko kinachobaki. Kwa Haggard jambo hilo linaonekana wazi kwa wanawake. Msimulizi wa Mashimo ya Mfalme Sulemani anajisifu kwamba hadithi yake karibu haina mwanamke, ila Gagool na msichana wa Kikukuana aitwaye Foulata, anayempenda Kapteni Good, anamuuguza, na mwishowe anakufa pangoni, kifo ambacho mtunzi anakitumia kukwepa ndoa ya mweupe na mweusi asiyoweza kuiandika. Filamu tatu kubwa, ya 1937, ya 1950 na ya 1985, zilipata dawa nyingine ya tatizo lile lile: zilimbuni mwanamke wa Kizungu, Kathy katika ya kwanza, Elizabeth katika ya pili, Jesse katika ya tatu, na mapenzi yote yakaelekezwa kwake. Haggard alimuua Foulata, lakini kwanza alimpa mdomo, moyo na ujasiri. Watengenezaji wa sinema hawakumpa hata nafasi ya kufa.

Sinema ilimgundua Haggard mapema mno. Mwaka 1899, miaka minne tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha picha zao za kwanza Paris, fundi wa viinimacho Georges Méliès alitengeneza filamu ya takriban dakika moja iliyochukua mandhari ya moto kutoka riwaya ya She, ile hadithi ya malkia Ayesha aliyeishi miaka 2,000 ndani ya mapango ya Afrika, ambaye wasafiri wanamfikia baada ya jahazi lao kuvunjika katika pwani ya mashariki. Karibu mwaka 1919 kampuni ya Afrika Kusini ilitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani bila sauti. Mwaka 1925 She ilipigwa picha upya huko Berlin, na safari hii Haggard mwenyewe aliandika maneno yaliyoonyeshwa kwenye skrini kati ya picha na picha ili watazamaji waelewe mazungumzo. Alifariki mwezi Mei mwaka huo huo.

Sauti ilipoingia, mtu aliyefaidika zaidi alikuwa Umbopa. Kampuni ya Gaumont British ilimpa nafasi hiyo Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito iliyokuwa ikijaza kumbi za London, na filamu ya 1937 iliyoongozwa na Robert Stevenson inamruhusu kuimba katikati ya jangwa na milima, kwa nyimbo zilizotungwa na Mischa Spoliansky, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Mandhari za Afrika zilipigwa picha na kikosi kingine kilichotumwa kusini mwa bara, lakini Robeson alichezea sehemu yake Uingereza. Miaka miwili kabla yake alikuwa amecheza katika Sanders of the River, filamu ya kuwasifu maofisa wa kikoloni ambayo baadaye aliikana hadharani, na ambamo mwanafunzi wa Kikuyu aliyekuwa London siku hizo, Jomo Kenyatta, alionekana kama mmoja wa machifu wasio na maneno. Umbopa wa Robeson ana hadhi kuliko Wazungu wote walio kando yake, na ukimtazama leo unaona mwigizaji anayekizidi kisa alichopewa.

Filamu ya 1950 ilikuwa jambo la aina nyingine kabisa. Kampuni ya Hollywood ya MGM iliamua kwamba watazamaji wa baada ya vita hawangeridhika tena na Afrika ya mbao na karatasi, ikapeleka waigizaji Stewart Granger, Deborah Kerr na Richard Carlson, pamoja na kamera nzito za rangi, kwa miezi kadhaa katika Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo ya Wabelgiji na Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi chini ya usimamizi wa Ubelgiji. Kazi ilianzwa na mwongozaji Compton Bennett ikamalizwa na Andrew Marton, na wote wawili wametajwa kama waongozaji. Maporomoko ya Murchison ya Uganda yamo, na hifadhi za wanyama zimo pia, ingawa machimbo yenyewe ya Sulemani, kwa kejeli ya biashara ya sinema, yalipatikana katika mapango ya Carlsbad, New Mexico. Filamu haina muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi, bali ngoma na nyimbo za Kiafrika ndizo zinazobeba masikio ya mtazamaji, uamuzi ambao kwa mwaka 1950 ulikuwa wa kishujaa. Ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha kwa Robert Surtees na ya uhariri.

Uhalisi huo una mipaka yake, na mpaka mmoja unachekesha. Elizabeth, bibi wa Kiingereza aliyechoka kwa joto, anajikata nywele zake ndefu kwa mkasi, anaziosha kwenye maji ya porini, na anapozikausha juani zinatokea mawimbi yaliyopangwa kana kwamba ametoka saluni. Watazamaji walicheka tangu siku hizo. Kuhusu majina ya waigizaji, hata hivyo, hakuna cha kuchekesha: Granger na wenzake wameandikwa kwa majina yao kamili, lakini Umbopa ameandikwa kuwa ni Siriaque wa kabila la Watussi, Twala ni Baziga wa kabila hilo, Gagool ni Sekaryongo wa kabila hilo, na Khiva, mhusika mwingine, ni Kimursi wa Wakipsigis. Kabila limebandikwa kando ya jina kama cheti cha uhalisi. Deborah Kerr hakuitwa wa kabila la Waskoti.

Hapa ndipo filamu hii inapogusa historia ya Maziwa Makuu kwa namna ambayo watengenezaji hawakuijali. Wakukuana wa Haggard walichongwa kwa mfano wa Wazulu, watu aliowaona kwa macho yake Natal, na hakuna lolote kitabuni linalowaelekeza Rwanda. MGM iliwahamishia huko kwa sababu Ulaya ilikuwa imekwisha kuzoea picha ya Mtutsi mrefu, mwembamba, mwenye asili ya mbali, picha iliyopandwa na msafiri John Hanning Speke katika kitabu chake cha 1863, aliposema kwamba watawala wa falme za maziwa walikuwa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi. Wataalamu huliita wazo hilo nadharia ya Kihamu, yaani dhana kwamba kila ustaarabu uliokutwa Afrika uliletwa na jamii ya damu iliyo karibu na ya Wazungu. Wabelgiji waliitumia katika utawala, na katika miaka ya 1930 waliandika Hutu, Tutsi na Twa katika vitambulisho vya Wanyarwanda. Filamu ikaipa nadharia hiyo kitu ambacho vitabu havingeweza kuipa: rangi, mwendo na sauti, mbele ya mamilioni ya watu wasiojua kwamba Wakukuana ni watu wa kubuni ilhali wale waliosimama mbele ya kamera walikuwa na majina, ng'ombe, parokia na kodi za kulipa.

Mwami, yaani mfalme, wa Rwanda wakati huo hakuwa Twala wala jamaa yake. Mutara III Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, akaiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme mwaka 1946, na alijua vizuri kuvaa suti. Hata hivyo ngoma ya intore, ngoma ya vijana wa mashujaa waliolelewa kwenye baraza la mfalme, inaonekana katika filamu kama sherehe ya mfalme katili wa nchi isiyofahamika. Ni sehemu nzuri kuliko zote. Wachezaji wanapiga mguu kwa pamoja, manyoya meupe ya vichwani yanaruka na kutua kwa mdundo mmoja, mikuki inainuliwa, na kamera, kwa mara moja, inatulia na kutazama. Siriaque naye, mwenye nywele zilizonyolewa kwa mtindo wa amasunzu, ule wa kuacha matuta ya nywele yaliyopinda kichwani, anapigana na Baziga kwa ajili ya kiti cha enzi. Kitabuni Twala anauawa na Sir Henry, hivyo filamu iliyowabandika Wanyarwanda jina lisilo lao ndiyo iliyowarudishia Waafrika vita vyao wenyewe na kuwaweka Wazungu pembeni wakitazama. Kwa kisa chake filamu hii ina madhara kuliko nyingine zote za Haggard, na kwa picha zake ndiyo pekee inayostahili kuhifadhiwa, kwa kuwa hao ni watu halisi wa kizazi kilichokuja kutawanywa.

Kutawanywa huko hakukuchelewa. Mwaka 1959 MGM ilitoa filamu iliyoitwa Watusi, iliyoongozwa na Kurt Neumann na kujengwa kwa sehemu kubwa juu ya picha zilizobaki kutoka safari ya 1950, kwa njia ya kubana matumizi, na mabaki hayo hayo yalitumika pia katika Tarzan ya mwaka huo. Mwezi Julai 1959 Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura. Mwezi Novemba machafuko yalianza Rwanda, nyumba za Watutsi zikachomwa, na maelfu wakavuka kuingia Kivu, Uganda, Burundi na Tanganyika. Miaka mitatu baadaye vijana wa Marekani walikuwa wakicheza dansi iliyopewa jina la Watusi, bila kujua kama jina hilo ni la watu au la mtindo wa viatu. Huko Kivu, ambako swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limemwaga damu nyingi kwa miongo mingi, dhana ya asili ya mbali haijawahi kuwa jambo la sinema peke yake.

Baada ya uhuru wa nchi za Afrika, Haggard hakuachwa, alifanywa mzaha. Filamu ya 1985, ya kampuni ya Cannon, ilipigwa picha Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka mitano tu ya uhuru, na lengo lake lilikuwa kuiga mafanikio ya filamu za Indiana Jones, zenyewe zikiwa wajukuu wa Haggard. Humo Richard Chamberlain na Sharon Stone wanatiwa ndani ya chungu kikubwa kama chumba pamoja na mboga ili waliwe, na adui mkuu ni afisa wa Kijerumani. Mwigizaji stadi wa Afrika Kusini, Ken Gampu, alipewa nafasi ya Umbopa ndani ya takataka hiyo. Runinga ya Marekani nayo ilitoa toleo lake mwaka 2004, Patrick Swayze akiwa Quatermain.

She ilikuwa na safari ya ajabu zaidi, kwa sababu kadiri miaka ilivyopita ndivyo Afrika ilivyozidi kuondolewa. Toleo la 1935, lililotayarishwa na Merian C. Cooper aliyekwisha kutengeneza King Kong, lilimhamishia malkia kwenye barafu za kaskazini ya dunia, na aliyemcheza, Helen Gahagan, baadaye aliingia Bunge la Marekani na kushindwa na Richard Nixon katika uchaguzi wa Seneti wa 1950. Toleo la Hammer la 1965, lenye Ursula Andress, lilianzia Palestina ya 1918 na kupigwa picha kwenye jangwa la Israeli. Jina la Ayesha, ambalo katika nyumba za Waswahili ni la bibi, shangazi na binti, lilibaki peke yake kama alama ya mahali hadithi ilipotoka.

Namna nyingine ya kuileta riwaya kwenye skrini imeonekana Zanzibar. Adam Shafi alichapisha Vuta N'kuvute mwaka 1999, riwaya ya miaka ya 1950 inayomfuata Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mzee, na Denge, mwanaharakati anayepinga ukoloni. Mwongozaji Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar ya filamu za kimataifa. Shivji alikata mengi, kama kila anayehamisha riwaya, na msomaji wa Shafi anaweza kumlaumu kwa kuwapunguza watu wa vichochoroni waliokijaza kitabu. Lakini lawama hiyo ni ya wasomaji wanaokijua kitabu dhidi ya mtu anayekijua vilevile, na wahusika wanazungumza Kiswahili kwa sababu ndicho wangezungumza. Goma pia ina vijana wa kamera, waliofundishwa na vituo kama Yole!Africa kilichofungua milango mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kazi zao kwa kawaida ni filamu fupi na za matukio halisi. Riwaya ndefu zinahitaji fedha, mavazi na miezi ya amani.

Kisheria, Haggard hawezi kuwazuia vijana hao. Hakimiliki, yaani haki ya mtunzi na warithi wake kuamua nani anakili au kugeuza kazi yake, katika nchi nyingi humalizika miaka 70 baada ya kifo, na tangu mwanzo wa 1996 riwaya zake ni mali ya kila mtu huko Ulaya. Mtu yeyote mwenye kamera anaweza kumchukua Umbopa na kumfanyia atakavyo bila kulipa senti. Filamu ya 1950 ni jambo tofauti. Maktaba ya filamu za zamani za MGM ilinunuliwa na Ted Turner katika miaka ya 1980, ikaingia mikononi mwa Warner Bros., na sheria ya Marekani inailinda filamu hiyo hadi mwisho wa mwaka 2045, hivyo Mnyarwanda au Mkongo anayetaka kutumia picha za intore wa Siriaque na Baziga katika filamu yake anapaswa kuomba ruhusa California.